Pumzi Ikikwama Kooni: Si Kila Kubanwa ni Pumu



Ndugu wasomaji wapenzi, juma hili ukumbi wetu wa afya unawaelekea zaidi akina mama na walezi ambao mabinti zao wako katika shule za bweni za bara. Ni jambo la kawaida siku hizi mtoto wa Mombasa, Lamu au Malindi kupangiwa shule ya Machakos, akaagwa kwa dua na sanduku lake la bati, na nyumba ikabaki ikisubiri simu ya mwalimu. Simu hiyo mara nyingine huleta habari inayomkosesha mama usingizi: binti amebanwa na pumzi uwanjani, amepelekwa zahanati, nasi tunaambiwa kuwa ni pumu.

Huenda ikawa kweli ni pumu. Lakini yako maradhi mengine, yasiyo ya mapafu bali ya koo, yanayojitokeza wakati wa mazoezi na kufanana na pumu kiasi cha kuwachanganya hata wauguzi wazoefu. Watoto wenye maradhi hayo hupewa dawa za pumu miaka na miaka bila ya nafuu, na dawa ziliposhindwa, baadhi yao huambiwa kuwa wanajifanya. Tunapenda kila mama ajue tofauti ya hali hizi mbili, ajue swali la kumwuliza daktari, na pia ajue mpaka ambao hapaswi kuuvuka peke yake.

Tuanze na mfano. Tumfikirie binti wa miaka 14, mzima wa afya, hana historia ya kukohoa usiku wala kubanwa na kifua alipokuwa mdogo. Yumo katika mbio za mita 800. Mzunguko wa kwanza anakwenda vizuri. Katika mzunguko wa pili, pale anapoongeza kasi, ghafla anahisi kama koo limefungwa kwa kamba. Anavuta hewa, haiingii. Inatoka sauti kali ya kukwaruza, inayosikika hata kwa waliokaa pembeni. Anajishika shingoni, macho yamemtoka, na wenzake wanaingiwa na hofu. Anaketi. Baada ya dakika mbili tatu, kabla hata muuguzi hajafika, pumzi imerejea. Anapopimwa kifua, mapafu yako safi. Wasemaji hapo hugawanyika: huyu husema ni pumu, yule husema ni madeko, na mwengine hunong'ona kuwa mtoto amekabwa na jini.

Ili tufahamu yaliyomsibu, tuifuate hewa katika safari yake. Hewa huingia puani au mdomoni, ikapita kooni, ikafika mahali panapoitwa zoloto. Hapo ndipo penye lile fundo linaloonekana kwenye shingo ya mwanamume. Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za sauti, mfano wa mapazia mawili. Tunaposema, hukaribiana na kutetemeka. Tunapomeza, hufunga ili chakula kisipotee njia. Na tunapovuta pumzi, hufunguka na kuacha mlango wazi. Baada ya mlango huo ndipo hewa inaposhuka na kuingia katika mapafu, ambamo njia hugawanyika kama matawi ya mti, yakizidi kuwa membamba.

Pumu ni maradhi ya matawi hayo membamba. Misuli yake hukaza, kuta zake huvimba, na ute hujaa. Hewa hupata taabu zaidi katika kutoka kuliko katika kuingia, ndiyo sababu mwenye pumu husikika akitoa mluzi mwembamba kifuani anaposhusha pumzi. Lakini binti wa mfano wetu hana tatizo katika matawi. Kilichomfungia ni mlango wenyewe. Wakati wa kukimbia kwa nguvu, ambapo mlango ulipaswa kuwa wazi kabisa, nyuzi za sauti zilikaribiana, au nyama laini zilizo juu yake ziliangukia ndani kwa nguvu ya hewa inayovutwa. Hewa ikakwama kizingitini.

Jambo hili si geni katika vitabu vya tiba. Mwaka 1983 madaktari wa hospitali moja mjini Denver, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 5 waliokuwa wakitibiwa kwa pumu isiyosikia dawa. Walipotazamwa kooni wakati wa kubanwa, nyuzi zao za sauti zilionekana zikifunga pale zilipotakiwa kufunguka. Kwa muda mrefu wengi walidhani kuwa chanzo ni mambo ya nafsi tu. Kisha, mwaka 2006, wataalamu wa mjini Bergen, Norway, walieleza njia ya kumpitishia mgonjwa kamera nyembamba puani na kulitazama zoloto lake huku akikimbia juu ya mashine. Hapo jambo likaonekana kwa macho, na ikawa vigumu kusema kuwa mtoto anajifanya. Na mwaka 2015, watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliochunguza vijana wa miaka 13 hadi 15, walikadiria kuwa takriban 6 katika kila 100 wana tatizo hili la koo, na takriban 19 katika kila 100 njia zao za mapafu hubana kwa mazoezi.

Hatutaki takwimu za Ulaya zitupoteze. Hapa kwetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwahusu watoto zaidi ya elfu moja wa shule za msingi za Nairobi na Murang'a. Walikimbizwa kwa dakika 6, kisha mapafu yao yakapimwa. Kati ya watoto wa mjini, takriban 23 katika kila 100 mapafu yao yalibana baada ya mbio. Wa shamba walikuwa takriban 13 katika kila 100. Maana yake ni kwamba mapafu yanayobana kwa mazoezi ni jambo kubwa miongoni mwa watoto wetu, na wala hatuandiki makala haya ili mtu aidharau pumu. Pumu huua. Tunaandika ili kila mtoto atibiwe maradhi aliyo nayo.

Basi mama atazitofautishaje hali hizi mbili? Ziko alama ambazo hata asiye daktari anaweza kuziangalia.

Ya kwanza ni wakati. Koo linalofunga humshika mtoto akiwa katikati ya juhudi, pale anapokimbia kwa nguvu zake zote. Pumu ya mazoezi mara nyingi huja kwa kuchelewa. Hukolea dakika 5 hadi 15 baada ya mtoto kusimama, wakati wenzake wamekwisha kupumzika.

Ya pili ni upande wa pumzi. Muulizeni mtoto: je, taabu iko katika kuvuta au katika kutoa? Koo huzuia kuvuta, na sauti yake ni ya kukwaruza, inatoka shingoni. Pumu huzuia zaidi kutoa, na mluzi wake hutoka kifuani.

Ya tatu ni mahali. Mwambieni aweke mkono pale panapobana. Mwenye tatizo la koo aghalabu hushika shingo. Mwenye pumu hushika kifua.

Ya nne ni muda wa kupona. Koo hufunguka upesi mtoto anapoacha kukimbia, mara nyingi ndani ya dakika chache. Pumu isiyotibiwa huweza kuendelea kwa nusu saa au zaidi.

Ya tano ni dawa. Inhela ya buluu, yenye salbutamoli, hulegeza misuli ya matawi ya mapafu. Mwenye pumu hupata nafuu kwayo, na akiivuta dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi huweza kukingika. Lakini dawa hiyo haina kazi ya kufanya kwenye nyuzi za sauti. Mtoto aliyefungwa koo huvuta na kuvuta, na hali haibadiliki.

Hata hivyo, kabla ya kusema kuwa inhela imeshindwa, tuhakikishe kwamba ilitumiwa sawasawa. Je, mkebe una dawa au umekwisha? Je, mtoto aliutikisa? Je, alibonyeza huku akivuta pumzi taratibu, kisha akaizuia kifuani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, au dawa yote iliishia ulimini? Wengi hudhani dawa haiwafai, kumbe haijawahi kufika mapafuni. Mwombeni muuguzi amtazame mtoto akiitumia, na amweleze matumizi ya chombo cha kati kinachoishika dawa kabla ya kuvutwa.

Tena, mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, pumu na koo linalofunga. Ndiyo maana tunasisitiza: alama hizi ni za kumpelekea daktari, si za kumfanya mama awe daktari. Mtoto aliyekwisha kupewa dawa za pumu asiachishwe kwa sababu ya kusoma makala yetu. Na mtoto anapobanwa nanyi hamjui kama ni koo au ni kifua, mchukulieni kuwa ni pumu: mpeni inhela yake na mtafute msaada.

Sasa kwa nini tumeutaja mji wa Machakos? Kwa sababu mazingira yake yanaweza kuzidisha utata. Mji huo uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Binti aliyekulia ufukweni, ambapo njia ni tambarare na hewa ni nzito yenye unyevu, hujikuta anakimbia kwenye ardhi ya milima, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huamka kwenye baridi kavu ya alfajiri. Katika majuma ya mwanzo atahema haraka kuliko wenzake wenyeji, na hilo peke yake si maradhi. Ni mwili unaojizoesha. Baridi na vumbi huweza kuichochea pumu iliyokuwa imelala. Na kwa kuwa anahema kwa nguvu zaidi, koo lenye tabia ya kufunga huweza kujidhihirisha mapema. Hali tatu tofauti, na zote mwalimu wa michezo huziona kwa sura moja: mtoto ameinama, anatweta.

Ni wajibu wa daktari kuzipambanua. Mtoto aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti. Atapulizishwa kwenye mashine ya kupima nguvu ya mapafu, ikiwezekana kabla na baada ya kukimbia. Mapafu yakionekana mazima, dawa za pumu zikiwa zimetumiwa barabara bila ya nafuu, mama aulize kwa adabu na kwa uwazi: "Daktari, je, yawezekana tatizo liko kwenye zoloto? Tunaweza kuonana na mtaalamu wa masikio, pua na koo?" Swali hilo fupi linaweza kumwepusha mtoto na miaka ya dawa zisizomfaa, zikiwemo zile kali za vidonge ambazo zikitumika kwa muda mrefu hunenepesha uso, hudhoofisha mifupa na huzuia ukuaji.

Kipimo cha kulitazama zoloto wakati wa mbio hakipatikani kila hospitali. Kwa hiyo maelezo mazuri ya nyumbani na shuleni yana thamani kubwa. Mtoto awe na daftari dogo: alikuwa akifanya nini, alibanwa dakika ya ngapi, ilichukua muda gani kupona, alitumia dawa gani na ilisaidia au la, na je, huwa anakohoa usiku. Kwa vile wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, mama anaweza kumwomba mwalimu wa kike airekodi sauti ya binti anapobanwa, kwa ridhaa ya binti mwenyewe na kwa kuhifadhi stara yake, na rekodi hiyo ionwe na daktari tu. Sauti ya nusu dakika humwambia mtaalamu mengi kuliko maneno ya kurasa mbili.

Habari njema ni kwamba koo linalofunga lina tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo haina gharama. Ya kwanza ni kumweleza mtoto kinachomtokea. Anapojua kuwa mlango umejifunga kwa muda na utafunguka, hofu hupungua, na hofu ikipungua koo nalo hulegea. Ya pili ni mafunzo ya kupumua, ambayo hutolewa na mtaalamu wa sauti na matamshi au wa mazoezi ya viungo. Mtoto hufundishwa kupumua kwa tumbo: alale chali, aweke kitabu juu ya kitovu, akione kikipanda anapovuta na kikishuka anapotoa. Afanye hivyo dakika chache asubuhi na jioni, kisha azoee kupumua vivyo hivyo akitembea, halafu akikimbia pole pole.

Koo likimshika uwanjani, apunguze mwendo au asimame, ashushe mabega, avute hewa polepole kwa pua kama anayenusa asumini, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobinywa, kama anayepoza uji wa moto. Arudie mpaka mlango ufunguke. Wachache ambao nyama za juu ya zoloto ndizo zinazoziba, na mafunzo hayakuwafaa, huweza kushauriwa na mtaalamu kufanyiwa upasuaji mdogo.

Yako pia mambo ya nyumbani yanayolichokoza koo. La kwanza ni asidi ya tumbo inayopanda juu na kuliunguza zoloto. Katika Ramadhani wengi wetu hufuturu kwa bajia, sambusa na viazi karai vyenye pilipili, tukala tena usiku, na baada ya daku tukajitupa kitandani. Mwenye kiungulia na sauti ya kukauka ajitahidi kula kidogo kidogo na asilale papo hapo. La pili ni kamasi zinazoteremka nyuma ya koo kwa sababu ya mzio, nazo zitibiwe. La tatu ni moshi na harufu kali. Udi ni pambo la nyumba zetu, lakini nyumba yenye mtoto anayebanwa, iwe kwa pumu au kwa koo, ifukizwe yeye akiwa nje na madirisha yawe wazi.

Ama swali la kutumia inhela mchana wa Ramadhani, wanazuoni wana kauli zao, na kila familia imwulize shekhe inayemwamini kabla ya mwezi kuingia, ikiwa na maelezo ya daktari mkononi. Hilo lisisubiriwe mpaka mtoto yuko taabani, hajui kama avute dawa au avumilie.

Tugusie pia ndimi zetu. Tatizo hili huonekana zaidi kwa vijana, na wanaofika hospitali kwa ajili yake wengi ni wasichana. Sababu moja inayotajwa ni kuwa zoloto la mvulana hupanuka sana anapobaleghe, na la msichana hubaki dogo. Basi binti akibanwa, tusikimbilie kusema kuwa ni mvivu, anaogopa michezo, au mbio si jambo la mtoto wa kike. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), akashindwa mara moja na akashinda mara nyingine. Mazoezi ni haki ya mwili wa binti kama yalivyo haki ya kaka yake. Na kumwombea mtoto dua ni jambo la kheri, lakini kumwambia kuwa amekabwa na jini ni kumwongezea hofu ile ile inayolifunga koo lake.

Mwisho tutaje alama ambazo hazingoji daftari wala miadi. Midomo ikigeuka rangi ya samawati. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi. Pumzi isiporejea baada ya kupumzika na kutumia dawa. Uso au ulimi ukivimba na ngozi kutoka vipele baada ya kula kitu au kuumwa na mdudu. Mtoto akizimia katikati ya mbio, jambo linaloweza kuwa la moyo. Au akipaliwa na kitu kooni: hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Na sauti iliyokauka kwa zaidi ya majuma matatu, au uvimbe wa shingo, navyo vionwe na daktari bila ya kucheleweshwa.

Mama mwenye binti Machakos au kwengineko bara, siku ya kumtembelea shuleni ikifika, pamoja na mahamri na achari utakayombebea, keti naye kivulini umwulize maswali matatu: unabanwa wakati gani, taabu iko katika kuvuta au katika kutoa, na dawa inakusaidia? Majibu yake yaandike kabla hujapanda basi la kurudi, na nakala umwachie muuguzi wa shule.

Wabillahi tawfiq.